Mlango wa Kushoto

Miaka kumi na tisa nimesimama soko la Burma,
aproni ya plastiki, kisu kilicholiwa na tupa,
na mioyo ninaijua.
Wa ng'ombe hujaza viganja viwili.
Wa mbuzi ni konde la mtoto.
Ukiupasua kulia, ukuta ni mwembamba,
kisu kinapita kabla hujajua;
kushoto nyama imeshikana, nene,
kwa kuwa huko ndiko damu husukumwa hadi kwato.
Ndani mna nyuzi nyeupe, kaidi kama kamba za viatu,
zimeshikilia vipande viwili vya ngozi laini.
Nilizikata nikawatupia paka.
Mteja halipii nyuzi.

Leo niko Kenyatta, chumba chenye giza,
Nthenya kalalia ubavu wa kushoto,
jeli ya baridi kifuani, anauma mdomo asicheke,
na Bi. Kemuma anatembeza kifaa juu ya mbavu zake
taratibu, kama anayepiga pasi kola.

Kwenye kioo, moyo.
Hauning'inii kwenye ndoana.
Unakunjuka, unakunjika, unakunjuka.
Miaka kumi na tisa
na sijawahi kuuona ukiwa kazini.

"Baba, ni kama wa ng'ombe?"
Nikasema wake unacheza.
Sikuwa na neno lingine.

"Chumba hiki cha juu kimetanuka," asema Bi. Kemuma.
"Huu ni mlango wa mabawa mawili.
Ungefunguka hivi," na mikono yake ikafungua dirisha
ambalo halikuwepo,
"lakini wake umegandana pembeni.
Unafunguka kama mdomo wa samaki.
Pangepita vidole viwili. Sasa penseli, nayo kwa shida."
Damu inapiga foleni mlangoni,
inarudi nyuma, inalowesha mapafu.

Ndiyo maana ya mito mitatu usiku.
Ndiyo maana ya lile daraja la miguu la Jogoo Road:
anasimama mara nne kabla ya kufika juu,
anainama, ananiambia kamba ya kiatu imefunguka.
Nami nilimnunulia kamba mpya.

"Aliwahi kuumwa koo?"

Koo.
Nani Shauri Moyo hajaumwa koo?
Tulimpa tangawizi, limau, maji ya chumvi,
koo likapona.
Kisha magoti yakavimba, goti hili, halafu lile,
wiki moja hivi,
nikasema mtoto anarefuka.
Nikamwekea alama ya chaki kwenye fremu ya mlango.
Kumbe baridi yabisi ilikuwa imeshapanda juu
inagandisha mlango mwingine,
na sisi wakazi wa mtaa wenye jina hilo
hatukuushauri moyo wowote.

Wamesema sindano kila mwezi, asikose hata mmoja.
Wamesema watapitisha mrija kwenye paja,
mwembamba, wenye kiputo nchani,
upande hadi mlangoni, kiputo kipulizwe,
mabawa yaachane.
Tarehe ni ya mwezi wa kumi. Sasa ni wa sita.
Shemeji kanipigia: piga moyo konde.
Na Bi. Kemuma alituambia moyo wa mtu
ni sawa na konde lake mwenyewe.
Nthenya alikunja lake pale kitandani, akalitazama,
akaligeuza, akalitazama tena.
Basi nipige nini, Shemeji, na kwa nini?

Jumamosi mama mmoja wa Kaloleni
alitaka moyo, nusu kilo, usiwe na mafuta.
Nikaupasua kushoto, ile nene.
Nikaufikia mlango.
Sikukata.
Nikapitisha kidole kimoja, kikapita.
Viwili. Vitatu, na nafasi ikabaki.
"Fundi, umelala?"

Sikuwa nimelala.
Nilikuwa nimemwonea ng'ombe wivu,
mchana kweupe,
mizani ikining'inia bila kitu.